Simu Sita, Ubao Mmoja

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana wa kompyuta wa Handeni au Korogwe ambaye hana projekta wala runinga darasani, lakini akiangalia huku na huku anaona vioo: kishikwambi chake, cha mwalimu mwenzake, simu ya mwalimu mkuu, simu ya zamani yenye ufa inayolala kabatini. Vioo hivyo vinaweza kulazwa mezani vikawa ubao mmoja, watoto wakausogeza na kuugusa kwa mikono yao. Kazi hii haili bando wakati wa somo, na hatua yake ya kwanza haihitaji hata mtandao.

Vifaa vipo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viende kwa walimu. Nazo wilaya hizi mbili zilishazoea vishikwambi kabla ya hapo. Kuanzia mwishoni mwa 2017 zilikuwa miongoni mwa wilaya za Mkoa wa Tanga zilizofanyiwa majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto takriban 2,700 katika vijiji karibu 170, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasani, walipewa vishikwambi vya Google Pixel C vilivyowekewa programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walisimamia kazi hiyo, na vijijini vilijengwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Katika majaribio yale kila mtoto alishika kishikwambi chake. Darasa la kawaida halina neema hiyo. Vifaa sita kwa watoto hamsini, ukivigawa kimoja kimoja, watoto sita watashika na arobaini na wanne watachungulia. Ukiviweka pamoja mezani, watoto wanane wanaweza kuzunguka meza, kila mmoja akawa na kazi ya mkono wake, kisha wakapisha wanane wengine. Hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha vioo. Wanaotafuta picha kubwa tu wataishia kukata tamaa, na hesabu yake ni hii.

Pima kwanza

Kioo cha simu ya inchi 6.5, aina iliyozoeleka sasa, kina urefu wa karibu sentimita 15 na upana wa karibu sentimita 6.8. Laza simu sita kwa safu tatu, mbili mbili. Utapata eneo la sentimita 30 kwa 20. Hiyo ni karatasi moja ya A4. Simu sita, ambazo jumla yake inaweza kuzidi laki tisa, zinatoa ukubwa wa karatasi moja ya steshenari. Kwa hiyo usijaribu kuonyesha video kwa darasa zima kwa njia hii. Aliyeketi nyuma hataona kitu.

Vishikwambi vina nafuu. Ile Pixel C ya majaribio ya Tanga ilikuwa na umbo la kuvutia kwa kazi hii: kioo chake kilikuwa karibu sentimita 21 kwa 14.8, yaani sawasawa na karatasi ya A5. Viwili vikikaa ubavu kwa ubavu vinatoa A4, vinne vinatoa A3, na umbo la picha halibadiliki hata kidogo. Vishikwambi vingi vya inchi 10 ni vyembamba zaidi kwa umbo, lakini vinne bado vinakupa ubao ambao watoto wanane wanauona vizuri wakiuzunguka.

Upimaji ufanywe kwa rula. Namba za pikseli zilizoandikwa kwenye boksi hazisaidii hapa, kwa sababu simu mbili zenye pikseli sawa zinaweza kuwa na vioo vya ukubwa tofauti, na mstari unaotoka kwenye moja kwenda nyingine utaonekana umevunjika. Chagua vinavyofanana. Ukiwa na vishikwambi vitatu vya aina moja na viwili vya aina nyingine, tumia vitatu.

Meza na maandalizi

Mwombe fundi seremala akukatie kipande cha plaiwudi na kupigilia vijiti vyembamba pembeni ili simu zisiteleze. Juu yake tandika kipande cha sponji au kitambaa kizito. Ondoa makava yote, kwa sababu kava huongeza nafasi kati ya kioo na kioo. Weka meza kivulini: kioo kikipigwa na jua la mchana la Mkata au Mombo hakisomeki, na simu ikipata joto hupunguza mwanga yenyewe au hujizima.

Kisha tayarisha kila kifaa. Zima mzunguko wa skrini. Zima mwanga unaojirekebisha wenyewe, kisha weka mwanga wa vifaa vyote katika kiwango kimoja kwa kuviangalia vikiwa pamoja, maana nusu ya simu hii si nusu ya simu ile. Ongeza muda wa kioo kuzimika mpaka mwisho unaoruhusiwa. Simu nyingi za Android hufika dakika 10 au 30. Halafu weka hali ya ndegeni. Hatua hii watu huiruka, na ni ya lazima kwa simu ya mtu binafsi: hutaki ujumbe wa M-Pesa au wa nyumbani ujitokeze katikati ya somo mbele ya watoto. Wi-Fi inaweza kuwashwa tena ukiwa katika hali ya ndegeni.

Wanafunzi wa shule zetu hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo vifaa vyote vitoke kwa walimu na wazazi walioridhia. Kishikwambi cha shule ni mali ya Serikali. Mweleze mwalimu mkuu unachotaka kufanya kabla ya kukiweka mezani. Tumia pia uwezo wa Android wa kubandika programu kwenye skrini, unaopatikana kwenye mipangilio ya usalama, ili mtoto asitoke kwenye somo akaingia kwenye picha za harusi yako.

Somo la kwanza: silabi

Anza hapa, hata kama unajua kompyuta vizuri. Kiswahili kinakatika kwa silabi safi, na kila kioo kinaweza kubeba silabi moja. Chukua karatasi sita nyeupe na kalamu ya maka. Andika HA, NDE, NI, KO, RO, GWE, kila silabi kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa zinazojaza ukurasa. Washa kamera ya video, elekeza kwenye karatasi, tamka silabi mara moja kwa sauti safi, zima. Kila simu irekodi silabi yake. Sasa una vioo sita vinavyoonyesha silabi na kuitamka vikiguswa. Huhitaji programu yoyote, kwani kichezeshi cha video cha simu kinatosha.

Laza vifaa kwa mpangilio wa HANDENI juu na KOROGWE chini. Watoto wasome, waguse, wasikilize. Kisha wapewe kazi ya kuvihamisha. Toa KO kutoka Korogwe, iweke mbele ya NDE na NI: wamepata KONDENI, yaani shambani. Ondoa NDE, geuza zilizobaki: NIKO. Mtoto anayeishi shambani, na wengi wa Handeni wanaishi shambani, anaona neno la maisha yake likitoka ndani ya majina mawili anayoyasikia kila siku kituo cha basi. Hapo kifaa chenyewe ndicho silabi. Anakibeba, anakisogeza, anabishana na mwenzake kama kinakaa kushoto au kulia.

Ongeza majina ya karibu nawe. SEGERA ina SE na RA, zinazotoa SERA. MOMBO inahitaji vioo viwili tu, na ukileta MA kutoka simu ya tatu unapata MAMBO. Andika jina la kijiji chako mwenyewe kabla ya maneno yoyote ya kitabu. Kwa darasa la kwanza na la pili, kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), sijui somo la vifaa lenye gharama ndogo na kelele nzuri kuliko hili.

Picha moja juu ya vioo vingi

Sasa ramani. Chukua ramani ya Mkoa wa Tanga yenye wilaya zake, ikate vipande, kila kipande kiende kwenye kioo chake. Ukataji unaweza kufanywa kwa programu yoyote ya picha kwenye kompyuta, au hata kwa kifaa cha kukata picha kilichomo kwenye simu, ukiwa mvumilivu. Tuma vipande kwa Bluetooth au kwa programu ya kurushiana mafaili kama Xender. WhatsApp huibana picha na kuipunguza ubora. Ukilazimika kuitumia, itume kama faili la hati.

Kinachosumbua ni fremu. Kati ya kioo na kioo kuna plastiki, na plastiki haionyeshi kitu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuifikiria meza yako kuwa dirisha lenye nondo: mandhari inaendelea nyuma ya nondo hata kama huioni, kwa hiyo sehemu ya picha inayoangukia kwenye fremu unaitupa. Ya pili ni kuikata picha bila kutupa chochote, mistari ikaruka kidogo kwenye kila kiungo. Kwa ramani, mito na barabara, fuata ya kwanza, maana mstari ulionyooka lazima uonekane umenyooka. Kwa maandishi na namba, fuata ya pili, na hata hapo hakikisha hakuna neno linaloangukia kiungoni.

Mfano wa njia ya kwanza, kwa vishikwambi vinne vyenye vioo vya sentimita 21 kwa 14.8 na fremu ya sentimita 1 kila upande. Kati ya vioo viwili kuna sentimita 2 za giza. Picha nzima ihesabiwe kuwa na upana wa 44, yaani 21 na 2 na 21, na kimo cha 31.6. Kipande cha kushoto kinaanza 0 mpaka 21. Cha kulia kinaanza 23 mpaka 44. Sentimita mbili za katikati zinatupwa. Kwa kimo fanya vivyo hivyo. Ukipanga hivi, Mto Pangani utashuka kutoka upande wa Mombo, utapita Korogwe, utafika Hale kwenye kituo cha umeme na kuelekea bahari ya Hindi, ukivuka vioo bila kukatika. Mtoto aufuate kwa kidole. Kisha vurugeni vipande, na kundi lingine lipange upya: Handeni iko kusini-magharibi ya Korogwe, Lushoto iko juu, Pangani iko pwani. Atakayeweka Handeni pwani atasahihishwa na wenzake kabla hujafungua mdomo.

Kuvifanya vizungumze

Mpaka hapa kila kifaa kiko peke yake. Hatua inayofuata ni kuvifanya vijue habari za vingine, mtoto akigusa kimoja kingine kibadilike. Hapa utahitaji kijana anayejua kuandika programu ndogo, lakini wewe ndiye wa kumweleza unachotaka, kwa hiyo elewa mpangilio wake.

Kifaa kimoja kinakuwa mwenyeji. Kinawasha hotspoti bila data, na vingine vyote vinajiunga nacho kwa Wi-Fi. Intaneti haihusiki, ni mazungumzo ya mezani tu. Simu nyingi hupokea kati ya wageni watano na kumi. Ndani ya mwenyeji kuna programu inayotoa kurasa, na kwenye Android hilo linawezekana kwa programu ya Termux, ambayo ni bora kuipakua kutoka duka la programu la F-Droid. Ukiisha kuweka Python ndani yake, amri ya python -m http.server 8000 inatosha kugawa picha na kurasa kwa wageni wote. Wageni wanafungua kivinjari na kuandika anwani ya mwenyeji ikifuatwa na :8000, kisha namba ya nafasi yao mezani: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye Android za zamani anwani ya mwenyeji ilikuwa 192.168.43.1, matoleo mapya huibadilisha, kwa hiyo itazame kwenye simu ya mgeni, sehemu ya maelezo ya Wi-Fi, palipoandikwa anwani ya lango.

Amri ile inagawa mafaili tu, haipokei miguso. Ili miguso ifike inahitajika programu ya ziada yenye WebSocket, au hata rahisi zaidi, yenye ukurasa unaompelekea mwenyeji miguso na kumuuliza kila nusu sekunde kama kuna mabadiliko. Mwambie kijana wako sharti moja na usikubali alegeze: hali ya mchezo inakaa kwa mwenyeji peke yake. Kifaa cha mgeni kikiguswa hakijiamulii kitu. Kinampa mwenyeji taarifa, mwenyeji anaamua, kisha anawatangazia wote. Bila hivyo, watoto wawili wakigusa kwa pamoja vioo vitaonyesha mambo mawili tofauti na somo limekwisha.

Zoezi linalostahili jasho hilo ni thamani ya nafasi. Vifaa vinne, kila kimoja na tarakimu moja: elfu, mia, kumi, moja. Mtoto wa mwisho kulia anagusa, inakuwa 1, 2, 3. Ikifika 9 na kuguswa tena, kioo chake kinarudi 0 na kioo cha jirani kinapanda mpaka 1. Watoto wanaiona kumi ikihama. Wape namba ya kujenga, 2,019 kwa mfano, na kila mmoja asimamie nafasi yake. Sifuri ya mamia, ambayo ubaoni huwatesa sana, hapa ina mwenyewe: kuna mtoto anayesimama mbele yake na kazi yake ni kutoigusa.

Utakutana na matatizo mawili mapema. Simu ya mgeni itagundua kuwa Wi-Fi ile haina intaneti na itataka kuiacha. Chagua kubaki, na hali ya ndegeni itaizuia kurukia data. Pia, ukurasa wa ndani usio na ulinzi wa https hauruhusiwi na kivinjari kuzuia kioo kisizimike, ndiyo maana ule muda wa kuzimika tuliuongeza kwa mkono. Ili mstari wa anwani usile sehemu ya juu ya kioo, mwambie kijana aweke kitufe cha skrini nzima kwenye ukurasa. Kila kifaa kiguswe mara moja kabla ya somo.

Kuunganisha vioo vya watu wengi limekuwa wazo la watafiti kwa miaka. Mwaka 2011 wataalamu wa MIT nchini Marekani walitoa Junkyard Jumbotron, ambapo kila kioo kilionyesha alama yake, mtu akavipiga picha vyote kwa pamoja, na seva ikatambua kila kioo kimekaa wapi na kukikatia kipande chake. Ni werevu mkubwa, ila ilitegemea intaneti. Kwa meza yako, namba za nafasi zilizoandikwa kwa mkono zinafanya kazi ileile.

Chaji

Mwenyeji ndiye anayeishiwa chaji haraka, kwa sababu anarusha mtandao muda wote. Mchomeke kwenye pawabenki tangu mwanzo. Kwa shule isiyo na umeme, betri ya simu ya kawaida ya 5,000 mAh ni karibu wati-saa 19, na sita ni kama 115. Paneli ya wati 50 ikipata saa tano za jua kali inazalisha wati-saa 250 kwa hesabu ya karatasi. Toa vumbi, joto na upotevu wa betri, bado inazijaza zote kwa siku moja. Paneli kubwa kuliko hiyo ni kupoteza fedha bure kwa somo hili.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, fanya somo la silabi kwa simu tatu na jina la kijiji chako, wiki hii. Likienda vizuri, mwalike mwalimu wa shule ya jirani aje kuona, na umpe video na vipande vyako vya ramani bila malipo. Vishikwambi vya walimu wa shule mbili vikikutana mezani siku ya Ijumaa, tayari mna ubao ambao hakuna shule kati ya hizo ambayo ingeweza kuupata peke yake.